Kani si Kanieneo: Uhakiki wa Lugha ya Kubadilisha Vipimo katika Kiswahili

Utangulizi

Mara nyingi wataalamu wa Kiswahili wanapolishughulikia suala la istilahi za sayansi huuliza swali moja tu: neno fulani la kigeni liitweje katika lugha yetu? Swali hilo ni la haki, na juhudi za kulijibu zimezaa matunda. Mwaka 1990, kwa mfano, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, na leo hakuna awezaye kudai kwa dhati kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutajia mambo ya maabara. Hata hivyo, orodha ya maneno haijawa lugha ya sayansi. Mwanafunzi hatumii istilahi moja moja kama mtu anayehesabu shanga. Huziunga katika sentensi, huzisoma kwa sauti, na kwa sentensi hizo hufikia jawabu lililo sahihi au lililo kosa.

Lengo la makala haya ni kuihakiki sehemu moja ndogo ya lugha hiyo, yaani namna tunavyozungumza kwa Kiswahili tunapobadilisha vipimo vya kani na vya kanieneo. Sehemu hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, dhana hizi mbili zinakaribiana mno hata katika mazungumzo ya kila siku moja hushika mahali pa nyingine. Pili, kosa la lugha katika jambo hili halibaki kuwa kosa la lugha tu. Huwa kosa la hesabu, na kosa la hesabu laweza kuwa hasara ya mali na hata ya maisha. Hoja yetu kuu ni kwamba upungufu uliopo hauko katika msamiati bali katika sarufi ndogo ya vipimo: viambatani, kihusishi "kwa", na vitenzi tunavyovitumia kutaja kazi yenyewe ya kubadilisha.

Maneno mengi, dhana moja

Tuanze na kanieneo. Mgonjwa anayekwenda hospitali huambiwa ana shinikizo la damu, naye akirudi nyumbani huwaambia jamaa zake kwamba ana presha. Nchini Tanzania, watabiri wa hali ya hewa hueleza habari za migandamizo mikubwa na midogo ya hewa juu ya Bahari ya Hindi. Fundi wa magurudumu huongeza upepo. Mwalimu wa fizikia naye, akifuata istilahi zilizoenezwa kutoka Dar es Salaam, husema kanieneo. Haya ni majina matano, nayo yote, yakifika mbele ya mizani ya sayansi, hupimwa kwa kipimo kimoja kiitwacho paskali.

Wingi huu si aibu. Kila neno limekuja na historia yake. Shinikizo latokana na kazi ya kushinikiza, ile ya kukamua mafuta au maji ya muwa kwa chombo kizito. Mgandamizo watokana na kugandamiza, kulalia kitu kwa uzito kikabanwa. Yote mawili ni maneno ya tendo, na hutuonyesha kitu kinachobana na kitu kinachobanwa. Upepo wa fundi ni jina la kile kinachotiwa ndani ya tairi, na presha ni mgeni aliyekaribishwa akawa mwenyeji, hata akapewa maana ya ugonjwa wenyewe. Tatizo ni kwamba mwanafunzi hana daraja la kumvusha kutoka neno moja hadi jingine. Akifundishwa darasani kwamba kanieneo ni kani igawanywayo kwa eneo, hapati mtu wa kumwambia kwamba ile presha ya nyanya yake ni kitu hicho hicho. Tarakimu 120 na 80 zilizoandikwa katika kadi ya kliniki ni milimita za zebaki, yaani takriban kilopaskali 16.0 na 10.7. Yule nyanya na yule mwalimu wanazungumza juu ya jambo moja, na lugha imewaficha.

Ni vema kwa hiyo vitabu vyetu, badala ya kulichagua neno moja na kuyafukuza mengine, viyataje yote mahali pamoja na kusema wazi kwamba kanieneo ni jina la darasani la dhana ambayo mwanafunzi ameshakutana nayo kwa majina mengine.

Uzito, kilo na kani

Neno kani lenyewe ni la zamani. Wenyeji wa lugha husema mtu ameshika kani, yaani ameshikilia msimamo wake kwa nguvu na ukaidi. Watunga istilahi walifanya busara kulitwaa neno hili na kuliachia neno nguvu uhuru wake, kwa maana nguvu ina kazi nyingi mno: kuna nguvu za mwili, nguvu za umeme, nguvu za sheria na nguvu za dawa. Kani ikabaki na kazi moja, na kipimo chake ni newtoni, jina lililokubaliwa na mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo mwaka 1948. Newtoni moja ni kani iwezayo kuliongezea tungamo la kilogramu moja mwendo wa mita moja kwa kila sekunde, katika kila sekunde ipitayo.

Penye ugumu ni uzito. Sokoni uzito hupimwa kwa kilo. Darasani uzito ni kani, nao hupimwa kwa newtoni, ilhali kilo ni kipimo cha tungamo. Mkutano mkuu wa vipimo ulilitamka jambo hili tangu mwaka 1901: kwamba uzito ni wa jamii moja na kani. Mkutano huo huo ukaweka kadiri rasmi ya mvuto wa dunia ambayo leo twaiandika mita 9.80665 kwa kila sekunde ya mraba. Kwa kadiri hiyo, gunia la mahindi la kilo 90 huvutwa na dunia kwa kani ya takriban newtoni 883.

Yafaa ikumbukwe kwamba mfanyabiashara wa pwani aliyetumia mizani ya mawe hakuwa na kosa lolote. Mizani ya aina ile hulinganisha tungamo na tungamo: jiwe upande huu, mchele upande ule. Hata ungeipeleka mwezini ingeonyesha jawabu lile lile. Mizani ya kamani, ambayo bidhaa huning'inizwa ikauvuta waya uliojizongazonga, ndiyo ipimayo kani. Kisha mtengenezaji wake huandika "kilo" juu ya uso wake kana kwamba hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo kilo ilipopata maana mbili. Wahandisi walikitambua kipimo hicho cha pili wakakiita kwa jina lake, nasi twaweza kukiita kilogramu-kani: ile kani ambayo dunia hulivutia tungamo la kilogramu moja, sawa na newtoni 9.80665. Jina hili refu linachukiza masikio, lakini faida yake ni kwamba linakataa kujificha.

Kiambatani "kanieneo" na mipaka yake

Sasa tulitazame neno kanieneo kwa jicho la mofolojia. Ni neno lililoundwa kwa kuambatanisha nomino mbili, nalo lina sifa kubwa kwamba linabeba fasili yake mgongoni: anayelisikia hukumbushwa mara moja kwamba penye kanieneo pana kani na pana eneo. Maneno mengine yaliyotajwa hapo juu hayana ukumbusho huo.

Lakini kiambatani cha Kiswahili hakisemi ni uhusiano gani uliopo kati ya sehemu zake. Tunaposema elimuviumbe twaelewa elimu ya viumbe. Tunaposema kiinimacho twaelewa jambo jingine kabisa, mchezo wa kuyadanganya macho. Kwa mantiki ya elimuviumbe, kanieneo ingekuwa kani ya eneo. Je, ni kani iliyozidishwa kwa eneo, au iliyogawanywa? Neno halijibu. Mwanafunzi mwenye akili, ambaye ameona kwamba katika fizikia kani mara umbali huleta kazi, anaweza bila ujinga wowote kudhani kwamba kani mara eneo huleta kanieneo. Kama kosa lipo, basi ni la neno lililomwachia nafasi.

Kuna na suala la upatanisho. Wengine husema "kanieneo la hewa", wakivutwa na eneo lililo mwishoni. Wengine husema "kanieneo ya hewa". Katika viambatani vya namna hii, neno la kwanza ndilo kichwa, na ndilo litawalalo upatanisho: twasema elimuviumbe hii kwa sababu ya elimu, na kiinimacho hiki kwa sababu ya kiini. Kwa hiyo usahihi ni kanieneo ya hewa, kanieneo hii. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini upatanisho unaomweka mwanafunzi upande wa kani humkumbusha kwamba kani ndiyo igawanywayo, na eneo ndilo ligawalo.

Tusilifukuze neno hili, maana ni bora kuliko wenzake. Tunachopendekeza ni kwamba kila linapofasiliwa kwa mara ya kwanza, lifuatwe na kifungu kisicho na utata: kanieneo ni kani iliyoko juu ya kila kipande kimoja cha eneo. Mfano wa gunia utatosha. Gunia letu la newtoni 883 likilazwa likashika nusu mita ya mraba, sakafu hupata kanieneo ya takriban paskali 1,770. Likisimamishwa likashika sehemu ya kumi na tano kati ya mia ya mita ya mraba, kanieneo hufika paskali 5,900 hivi. Gunia ni lile lile, mahindi ni yale yale, na kani haikuongezeka hata chembe. Kanieneo imezidi mara tatu na zaidi. Mwenye kunoa kisu na mwenye kuchonga mambo ya hema hulijua jambo hili bila kwenda shule: hakuzidisha kani ya mkono wake, amepunguza eneo.

Utata wa kihusishi "kwa"

Tunafika sasa penye kiini cha uhakiki huu. Alama za sayansi ni za walimwengu wote, wala hazihitaji tafsiri. Lakini mwalimu akishaziandika ubaoni hana budi kuzisoma. Kipimo cha paskali ni newtoni moja iliyogawanywa kwa mita moja ya mraba. Walimu wengi hukisoma "newtoni kwa mita ya mraba", na usomaji huu umeingia hata katika maandishi.

Tulitazame hilo "kwa". Mtu akisema chumba chake ni mita tatu kwa nne, "kwa" lake lazidisha: eneo ni mita 12 za mraba. Akisema sukari ni shilingi mia mbili kwa kilo, "kwa" lake lagawanya. Akisema timu yake ilishinda mabao matatu kwa mawili, halizidishi wala haligawanyi, lalinganisha tu. Wala mwalimu wa hesabu hatusaidii, maana yeye husema "kumi zidisha kwa mbili" na pia "kumi gawanya kwa mbili", na kwa njia hiyo "kwa" huvaa nguo ya mwenyeji wake kila liendako. Kihusishi hiki ni mtumishi mwema wa mabwana wengi, na kwa sababu hiyo hiyo hakiwezi kuaminiwa peke yake katika jambo la vipimo.

Madhara yake huonekana wazi pale vipimo viwili vinapofanana kwa sura. Fundi anayekaza nati kwa spana maalumu hupima kani mara umbali, na kipimo chake ni newtoni zilizozidishwa na mita. Mhandisi anayepima ugumu wa kamani hupima kani kwa kila mita ambayo kamani imevutika, na kipimo chake ni newtoni zilizogawanywa na mita. Mmoja akisema "newtoni kwa mita", na mwingine akisema "newtoni kwa mita", nani atajua ni yupi aliyezidisha?

Dawa yake imo ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili kina kifungu "kwa kila", ambacho hakijawahi kuzidisha tangu kizaliwe. Shilingi mia mbili kwa kila kilo. Newtoni kwa kila mita ya mraba. Kwa upande wa kuzidisha, tuna neno "mara", ambalo nalo halijawahi kugawanya: newtoni mara mita. Tunapendekeza basi kwamba katika lugha ya vipimo "kwa" pweke liepukwe kabisa, na mahali pake pashikwe na "kwa kila" pale tunapogawanya, na "mara" pale tunapozidisha. Silabi mbili zaidi ni gharama ndogo.

Jambo hilo hilo lahusu neno mraba. Kuna tofauti kubwa kati ya "mita nne za mraba" na "mraba wa mita nne". La kwanza ni eneo la mita nne tu; la pili ni umbo lenye kila upande mita nne, na eneo lake ni mita 16 za mraba. Mwandishi akibadilisha mpangilio wa maneno ili sentensi ipendeze, ameibadilisha hesabu.

Kubadilisha, kugeuza na kukokotoa

Katika mazoezi ya fizikia twaweza kukuta maagizo ya namna mbili. La kwanza: badilisha paundi 30 kwa kila inchi ya mraba ziwe paskali. La pili: badilisha newtoni 500 ziwe paskali. Kwa sarufi, sentensi hizi ni mapacha. Kwa sayansi, la kwanza lina jawabu na la pili halina.

Msemaji wa Kiswahili anazo hisia za lugha ziwezazo kumwokoa hapa, endapo tutazitumia. Mtu abadilishaye fedha hutoa shilingi akapokea dola. Sura imebadilika, thamani ni ile ile. Lakini mtu ageuzaye kitu hukitia katika hali nyingine: maziwa hugeuka mtindi, wala hakuna duka litakalokupa maziwa kwa kuurudisha mtindi. Kuna na kitenzi cha tatu, kukokotoa, yaani kufikia jawabu kwa kupiga hesabu kutokana na mambo kadhaa yaliyotolewa.

Kwa mpango huu, kutoka kipimo kimoja cha kanieneo hadi kingine cha kanieneo ni kubadilisha, maana ni fedha kwa fedha. Vivyo hivyo kutoka kilogramu-kani hadi newtoni. Lakini kutoka kani hadi kanieneo hakuna kubadilisha wala kugeuza. Kuna kukokotoa, na ukokotoaji huo hauwezekani mpaka eneo litajwe. Newtoni 500 ni paskali ngapi? Haijulikani, kama isivyojulikana bei ya safari pasipo kutaja mwendako. Juu ya meza ya mita moja ya mraba ni paskali 500. Juu ya kiatu chenye kisigino cha sentimita moja ya mraba ni paskali milioni tano. Vitabu vyetu vikishika desturi ya kutumia "badilisha" kwa vipimo vya jamii moja tu, na "kokotoa" kila penye jamii mbili, kitenzi chenyewe kitakuwa mwalimu.

Paundi ya gereji

Mfano mmoja utakusanya pamoja yote tuliyosema. Katika gereji zetu, miaka mingi baada ya nchi zetu kuuacha mfumo wa vipimo vya Kiingereza, tairi bado hujazwa kwa paundi. "Tia paundi thelathini," husema dereva, naye fundi hutia. Kilichofupishwa hapo ni paundi za kani kwa kila inchi ya mraba. Tulipokuwa masomoni ng'ambo tuliwasikia mafundi wa huko nao wakiufupisha usemi huo kwa namna ile ile, kwa hiyo ufupisho huu usihesabiwe kuwa udhaifu wa Kiswahili. Bali Kiswahili cha zamani kilikuwa na utajiri ambao Kiingereza kiliukosa: pauni ilikuwa ya fedha, ratili ilikuwa ya uzito, na hakuna aliyechanganya mambo. Leo paundi ya gereji imekuja kuwa neno la tatu, na laiti tungelitambua hivyo, kwamba ni jina la kanieneo peke yake, tungepata faida.

Tuitazame sasa hesabu yake. Paundi moja ya kani ni newtoni 4.448. Inchi moja ni mita 0.0254, na kwa hiyo inchi moja ya mraba ni mita za mraba 0.00064516. Ukigawanya cha kwanza kwa cha pili hupata paskali 6,895 hivi. Mwanafunzi asahauye neno mraba hugawanya kwa 0.0254 akapata 175, na kosa lake ni la mara 39 na zaidi. Hapa neno moja la Kiswahili limebeba mzigo wa hesabu nzima. Paundi 30 basi ni takriban kilopaskali 207, au baa 2.07, au kilogramu-kani 2.11 kwa kila sentimita ya mraba. Geji nyingi huandikwa kipimo hiki cha mwisho pembeni mwa paundi, na fundi akikisoma husema "kilo mbili". Kilo mbili za nini? Si za tungamo, wala si za kani tupu. Tumerudi pale pale kwenye mizani ya kamani.

Geji ina siri nyingine ambayo lugha yetu haijaipa jina la kudumu. Haisomi kanieneo yote iliyomo ndani ya tairi; husoma ziada iliyopo juu ya kanieneo ya hewa ya nje. Tairi tupu kabisa husoma sifuri, ingawa ndani yake mna hewa ile ile ituzungukayo sote. Mombasa, usawa wa bahari, hewa hiyo hukaribia kilopaskali 101.3, ambazo ni paundi 14.7. Nairobi, juu kiasi cha mita 1,700, hushuka hadi kilopaskali 83 hivi. Gari lililojazwa paundi 30 Mombasa likapanda hadi Nairobi, joto la tairi likiwa lile lile, litasoma karibu paundi 32 na nusu bila mtu kuongeza upepo wowote. Tungependekeza kanieneo ya geji kwa ile isomwayo, na kanieneo kamili kwa ile inayojumlisha hewa ya nje. Bila tofauti hii, dereva atadhani geji ya Nairobi imeharibika, na mwanafunzi atakosea kila hesabu ya gesi atakayoipiga.

Pingamizi mbili

Yamkini msomaji atasema kwamba haya ni makuzi ya jambo dogo, kwa kuwa alama N na Pa zinajitosheleza. Jibu letu ni tukio linalojulikana ulimwenguni kote. Tarehe 23 Septemba 1999, Marekani ilikipoteza chombo chake kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipoifikia sayari ya Mars. Programu moja iliyotumika ardhini ilitoa tarakimu za kani mara muda kwa paundi za kani, ilhali waliozipokea walizichukua kuwa za newtoni. Tofauti ni ile ile tuliyoitaja, 4.448. Tarakimu zilisafiri bila majina yake, chombo kikaikaribia sayari kupita kiasi, kikapotea. Wahusika walikuwa wataalamu, na lugha yao ilikuwa na kila istilahi waliyoihitaji. Kilichokosekana ni desturi ya kutoitamka tarakimu bila kipimo chake. Desturi hiyo ni mali ya lugha, na hujengwa darasani.

Wengine watasema kwamba maadamu fizikia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, Kenya na hata Tanzania, hakuna haja ya kuisafisha lugha isiyotumika. Pingamizi hili lina uzito, na hatutalipuuza. Lakini ni kweli kwamba Kiswahili hakitumiki? Watoto wa shule za msingi za serikali Tanzania hufundishwa sayansi kwa Kiswahili. Fundi wa gereji Nairobi, muuguzi wa kliniki Kisumu, na mpanga mitungi ya gesi Mombasa huelekezana kazi kwa Kiswahili kila siku, hata kama kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa lugha nyingine. Mtu huyo hahitaji ruhusa ya wizara ili aseme "paundi" au "kilo", ameshasema. Swali lililobaki ni kama wasomi wa lugha watampa sentensi iliyo salama, au watamwacha ajitafutie.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzungumzia kani na kanieneo, na kwamba mahali palipo na hatari ni katika viungo vinavyoyashika maneno hayo. Mapendekezo yetu ni manne. Kanieneo ipatanishwe na kani, nayo ifasiliwe daima kuwa kani juu ya kila kipande kimoja cha eneo. Kilo ya tungamo na kilogramu-kani zitengwe kwa majina. Kihusishi "kwa" kisiachwe pweke katika vipimo, bali kiwe "kwa kila" penye kugawanya na kipishe "mara" penye kuzidisha. Tena kitenzi "kubadilisha" kihifadhiwe kwa vipimo vya jamii moja, na penye jamii mbili litumike neno "kukokotoa".

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kamusi mpya. Yanahitaji mwanaisimu akae na mwalimu wa fizikia juu ya ukurasa mmoja wa mazoezi, wausome kwa sauti, sentensi baada ya sentensi, na kuuliza kila mara: tarakimu hii ni ya nini, na "kwa" hili linafanya kazi gani? Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema haba na haba hujaza tu. Walikitaja na kipimo.